Shule kubwa zigharamie mechi za kujipima nguvu

Mhariri,

Kila msimu wa mpira wa Kimarekani (American football, si kandanda yetu) wa vyuo vikuu vya Marekani unapofunguliwa, kati ya mwisho wa Agosti na mwanzo wa Septemba, hatukosi kusikia habari za chuo kikubwa kilichokicharaza chuo kidogo kwa tofauti ya pointi hamsini au sitini, na baadhi ya vijana wetu hapa Mombasa husambaziana matokeo hayo kwa simu wakiangua kicheko. Wangepunguza kicheko kama ripoti hizo zingesema pia aliyefungwa alilipwa nini.

Mechi hizo hununuliwa. Chuo kikubwa hutaka mpinzani dhaifu wa kujipima naye nguvu, tena katika uwanja wake na mbele ya mashabiki waliokata tiketi, ilhali chuo kidogo huhitaji fedha za kuendeshea idara yake ya michezo, basi mkataba hutiwa saini mapema, aghalabu miaka kadhaa kabla ya mechi. Mwaka 2012 Savannah State, chuo kidogo cha jimbo la Georgia, kilifungua msimu kwa kulazwa 84-0 na Oklahoma State, na wiki iliyofuata kikachapwa 55-0 na Florida State katika mechi iliyokatizwa na hali mbaya ya hewa, lakini safari hizo mbili zilikiingizia zaidi ya dola 800,000. Mara mojamoja mnunuzi ndiye huumia: mwaka 2007 Michigan, wakati huo kikiorodheshwa nambari 5 nchini, kilikilipa Appalachian State dola 400,000 na bado kikafungwa 34-32 nyumbani, watu zaidi ya 109,000 wakishuhudia.

Siusifu utaratibu huo, kwa sababu anayeumia uwanjani ni mwanafunzi na hundi huandikwa kwa jina la chuo. Hata hivyo, mnyonge huko harudi mikono mitupu.

Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya kutwa huku Likoni. Kabla ya mashindano ya muhula wa pili, shule moja yenye jina kisiwani ilitualika tukacheze nayo. Vijana wangu walivuka feri kwa miguu, kwa kuwa mwenda kwa miguu hatozwi nauli, wakapanda matatu kwa pesa zao wenyewe na kuingia uwanjani jua likiwa utosini. Tulifungwa mabao 9, na yangekuwa mengi zaidi lau si kipa wetu, ambaye glavu zake zimeshonwashonwa kwa uzi wa nyavu za kuvulia samaki. Kipenga cha mwisho kilipolia, wenyeji walielekea bwalo la chakula, nasi tukaelekezwa langoni.

Kwa hivyo nawaomba wanaosimamia michezo ya shule katika kaunti yetu waagize kwamba shule inayoalika nyingine kwa mechi ya aina hii igharamie usafiri na chakula cha mchana cha wageni, kwamba makubaliano hayo yaandikwe na kutiwa saini na walimu wakuu wa pande zote mbili kabla ya siku ya mechi, na kwamba mechi ya marudiano ichezwe kwa aliyealikwa. Uwanja wetu una mteremko mkali kuelekea lango moja, na wageni wetu wa kisiwani wataruhusiwa kuchagua upande.

Mwalimu wa michezo,
Likoni, Mombasa