Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wasanii wa Taarabu

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazifahamu: mazoezi yaliendelea, harusi na maonyesho ya Idi yalifanyika, na kinanda kilitengenezwa.

Jambo lililozua maneno ni uamuzi wa Kamati wa kuziweka nyimbo zetu 12 kwenye intaneti, ili msikilizaji azipakue na kulipa kwa hiari yake kupitia namba ya chama, namba ambayo niliihangaikia mimi mwenyewe hadi ikapatikana. Wapo wanaodai kuwa tumegawa jasho la wasanii, ilhali Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatupa uwezo wa kumzuia anayenakili bila idhini. Uwezo huo upo, wala sijaukana. Lakini wimbo ukishanunuliwa na mtu mmoja hupita WhatsApp hadi kwenye kibanda kinachojaza nyimbo kwenye memori kadi, ambako mteja hulipa vizuri tu, ila anayelipwa ni mwenye kibanda. Na kuwashitaki wote hao kunataka fedha za wakili ambazo hatunazo. Isitoshe, taarabu yenyewe imelelewa na tuzo, na noti anazopelekewa mwimbaji jukwaani hazijapata kudaiwa kwa sheria.

Nilipotaja kundi la Radiohead la Uingereza, ambalo Oktoba 2007 lilimwachia msikilizaji ajipangie bei, nilijibiwa kuwa wale walikuwa na jina tayari. Ni kweli, hata hivyo CD ya nyimbo zile zile ilishika namba moja Uingereza na Marekani Januari 2008, baada ya watu kuwa nazo.

Michango yetu imefikia shilingi 412,000 kutoka kwa watu 97. Ni kidogo, lakini ndiyo mapato pekee ambayo nyimbo hizo zimewahi kutuletea.

Kuhusu ada, ambayo kikatiba ni ya lazima: wanachama ni 58, waliolipa shilingi 30,000 zao ni 19, na malimbikizo ni shilingi 1,170,000. Mkutano wa Agosti, ulioitishwa mahususi kwa suala hili, ulihudhuriwa na watu 11, wakiwamo wajumbe wanne wa Kamati. Nasikitika kusema kwamba waliopaza sauti zaidi kutaka msikilizaji alazimishwe kulipa wamo katika orodha ya wadaiwa.

Mwakani tunatarajia, Mungu akipenda, kuonana na COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, kuhusu nyimbo ambazo hazijasajiliwa, na kutafuta mfadhili wa kurekodi. Mhazini atapokea ada mara baada ya kikao hiki, na kitabu cha risiti anacho.