Wajina wako wa Voronezh

Mpendwa Nuru,

Salamu nyingi kutoka kwenye theluji ya Voronezh, huku Urusi. Mimi mzima, baridi tu ndiyo inanikomesha. Mama mpe shikamoo yangu.

Juzi usiku umeme ulikatika jengo zima. Jirani akafungua mlango, akapaza sauti ngazini: "Sveta nyet!" Nikashtuka, nikadhani anasema Sveta hayupo, maana mama mwenye nyumba tunamwita tyotya Sveta, yaani shangazi Sveta, naye alikuwa mbele yangu anawasha mshumaa. Akanieleza taratibu: svet ni mwanga, jirani anasema hakuna mwanga. Na jina lake yeye, Svetlana, ambalo kifupi chake ni Sveta, limetoka humo humo. Nuru, huyu ni wajina wako!

Akanisimulia mpaka mshumaa ukaisha. Nilidhani ni jina la mabibi wa kale, kumbe lilitoka kwa washairi. Vostokov alilitumia mwaka 1802, kisha Zhukovsky akatunga shairi liitwalo "Svetlana", likachapishwa 1813. Humo msichana anakaa usiku mbele ya kioo na mshumaa, apate kumwona mchumba wake aliye mbali. Usingizi unamchukua, anaota mchumba ni maiti. Kunakucha, kengele ya farasi inalia njiani, na mchumba anaingia mzima wa afya. Watu wakalipenda jina, ila mapadri hawakubatiza nalo, kwa kuwa hakukuwa na mtakatifu wa jina hilo. Baada ya mapinduzi ya 1917 watoto wakawa wanaandikishwa serikalini, na Svetlana wakazaliwa kila mtaa. Hata Stalin alimwita hivyo binti yake wa mwaka 1926.

Lililonigusa ni hili. Tyotya Sveta alipokuwa mchanga, bibi yake alimpeleka kubatizwa kwa siri, wazazi wasijue. Padri akampa jina Fotinia, kutokana na neno la Kigiriki la mwanga. Ndivyo Waorthodoksi wanavyomwita yule mwanamke Msamaria aliyezungumza na Yesu kisimani. Bibi hakumwambia mtu. Mjukuu alilijua jina lake la pili akiwa mtu mzima, bibi yu kitandani anaumwa. Alipofika hapo alinyamaza, akawa anakwangua nta mezani kwa ukucha.

Nikamwandikia jina lako kwa herufi zao. Akalisoma kwa sauti mara tatu, akalibandika kwenye friji. Kisha akaniuliza nani alikupa jina hilo, na kwa nini. Sikuwa na jibu, Nuru. Tumekua wote, na sijawahi kukuuliza. Muulize mama, uniandikie mapema. Anasubiri.

Rafiki yako wa siku zote