Piano ya mbao kwenye ukavu huu wa Dodoma, ninunue au niache?

Habari zenu ndugu zangu, naombeni ushauri, hasa nyie mliowahi kukaa na piano yenyewe ile ya nyuzi. Mi naishi Ihumwa hapa Dodoma, ni mtafiti wa teknolojia ya muziki, sa hivi narekodi ilimba za Wagogo, zile ala za vyuma vya kupiga kwa vidole gumba, na kupima milio yake kwenye kompyuta, na kazi naipenda sana. Ila jioni nikitulia roho yangu iko kwa Beethoven, Chopin na Debussy, toka niko sekondari, na sioni kama kimoja kinamfukuza mwenzake.

Shida ni kinanda changu, kina funguo 61 tu. Ile sonata ya Beethoven ya 1801 inayoitwa ya Mwanga wa Mwezi, unaanza tu, kipimo cha pili tu mkono wa kushoto unashuka kwenye noti ya B na kinanda changu huko chini kimeishia C! Inaniuma maana zile besi zinazoshuka taratibu ndo uzuri wenyewe.

Sasa kuna mtu Dar anahama nchi, anauza piano ya kusimama ya funguo 88. Nilienda nikaipiga, nikakanyaga pedali ya kulia, nyuzi zote zikawa huru, unagusa noti moja zingine zinaitikia zenyewe, hicho kitu nakijua kwa hesabu kabisa lakini kukisikia kinatoka kwenye mbao nilishindwa hata kuinuka.

Hofu yangu hali ya hewa. Dar kuna unyevu wa bahari, huku mvua ikiisha Aprili ni ukavu na upepo mpaka Desemba huko. Ubao wa ndani ukikauka unasinyaa, sauti inashuka, unaweza hata kupasuka, na pini zinazoshika nyuzi zinalegea, nyuzi zenyewe zaidi ya 200. Fundi wa kutyuni, yaani kurekebisha sauti za nyuzi, ninayemjua yuko Dar.

Mume wangu anasema nichukue ya umeme yenye funguo 88 nzito, haikauki wala haityuniwi, hela inayobaki tumalizie uzio. Ana hoja, sikatai. Ila ya umeme inatoa sauti zilizorekodiwa, na mi kutwa nzima nashinda na spika jamani.

Kuna mtu ameishi na piano ya nyuzi Dodoma au Singida ikadumu? Beseni la maji ndani ya piano linasaidia kweli? Na fundi mnampata wapi? Muuzaji anataka jibu mwisho wa mwezi.