Muosha hasemi alichokiona

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenzangu wa Unguja na Pemba juu ya picha za watoto wa watu waliouawa, hasa wanafunzi wa vyuo, zinazozungushwa kwenye simu zetu kama habari za bei ya samaki. Mimi ni muosha maiti hapa Wete. Kazi hii niliachiwa na marehemu mama yangu, naye alifundishwa na shangazi yake. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye muosha, na kazi hii ndiyo inayonipa haki ya kuandika.

Mwezi uliopita picha moja ilirudi. Nasema ilirudi kwa kuwa naijua, ilitufikia kwanza mwaka 2019. Safari hii imekuja na maneno mapya chini yake: eti huyu ni binti wa Kipemba anayesoma Dodoma, kauawa na mchumba wake, wazee wake watafutwe. Mtaani kwetu yupo mama ambaye bintiye anasoma Dodoma. Picha ilimfikia kabla ya Magharibi. Akapiga simu, haipatikani. Akapiga tena, haipatikani. Isha ilipoingia uwanja ulikuwa umejaa watu, mwenyewe kalazwa mkekani anapepewa, wanaume wanaulizana gari ya kwenda Mkoani kuwahi boti ya asubuhi, na mimi nimeshaambiwa nijiweke tayari. Ndipo mtoto akapiga mwenyewe. Simu ilikuwa imemwishia chaji, yeye yumo maktaba anajisomea. Mama yule mpaka leo simu ikilia baada ya Magharibi hawezi kuipokea, humpa mtu mwengine.

Aliyeanzisha maneno yale hajulikani. Lakini waliomfikishia tunawajua, ni majirani, na kila mmoja anasema, "Mimi nimetuma tu kama nilivyotumiwa."

Sasa niseme yule wa kwenye picha ni nani. Jina lake silitaji, limeshatajwa vya kutosha na watu wasiomtakia heri. Hakuwa Mpemba wala hakusoma Dodoma. Alikuwa mwanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, nchini Kenya, yumo mwaka wa mwisho. Tarehe 9 Aprili 2019 mwanamume aliyesafiri kutoka mbali kumfuata alimvamia kwa shoka nje ya hospitali ya rufaa aliyokuwa akifanyia mafunzo, kweupe, mbele ya watu, akamuua. Mwanamume huyo wananchi walimkamata palepale.

Niliyajua haya kabla ya magazeti, kwa sababu mdogo wangu kaolewa Mombasa, kwa jamaa zetu Wapemba waliokwenda kuvua pwani ya Kenya wakabaki hukohuko, hao ambao serikali ya Kenya iliwatambua rasmi mwaka 2023. Bintiye wakati ule alikuwa akisoma uuguzi Eldoret, si chuo kimoja na marehemu, lakini mji ni mmoja na hospitali wanaijua wote. Alinipigia usiku.

"Mama mkubwa, niombee dua. Silali."

"Umekula, mwanangu?"

"Sijala. Hapa hakuna aliyekula."

Akaniambia wamejikusanya wanne katika chumba cha watu wawili, kitanda kimoja wamekisukumiza mlangoni. Asubuhi hakuna aliyetaka kuwa wa mwanzo kutoka. Wale wasichana hawakumjua muuaji, hata marehemu, baadhi yao hawakumjua, lakini kila mmoja alikuwa anamfikiria mwanamume mmoja aliyewahi kumwambia, "Utaniona." Maneno hayo wanawake tunaambiwa sana, tena tunaambiwa tukiwa wadogo, na tumezoeshwa kuyachukulia kuwa ni hasira za mapenzi.

Baba yake alitaka arudi Mombasa siku ileile. Vikao vya familia vilikaliwa, simu zikapigwa mpaka huku Wete, wajomba wakaulizwa. Kuna waliosema mtoto wa kike anasomea nini mbali hivyo, kwani waume wamekwisha pwani? Nilimjibu shemeji yangu kwa heshima zote: "Bwana shemeji, ukimrejesha huyu utakuwa umemtia adabu yeye kwa dhambi ya mtu asiyemjua." Alikaa kimya, kisha akasema atafikiri. Alifikiri, namshukuru. Mtoto alibaki na leo ni muuguzi Kwale. Lakini najua nyumba, hapahapa Pemba, ambazo binti alirejeshwa mwaka ule na kitabu hakukishika tena. Hao hawahesabiwi katika kesi yoyote.

Kilichoniuma zaidi ya picha ni maneno ya barazani. Mtoto wa watu hajazikwa, watu wanaulizana kala kiasi gani. Habari zilivuma kwamba yule mwanamume alikuwa akimtumia pesa, basi ikawa ndiyo kesi yenyewe: kala pesa za mtu, kamkataa, kayataka mwenyewe. Niliyasikia Eldoret kwa kupitia kwa mpwa wangu, niliyasikia Mombasa, na nikayasikia hapa, kwa watu wanaosali. Nauliza: hata tukikubali kwamba alipewa, je, anayedai pesa zake haendi kwa sheha? Haendi mahakamani? Ni kitabu gani, cha dini au cha sheria, kilichoandika kwamba zawadi hulipwa kwa roho? Mwanamume akimpa mwanamke nauli hajamnunua. Akimlipia ada hajamnunua. Tumeoa na kuolewa kwa mahari mbele ya mashahidi na bado mke hawi mali ya mume ya kuvunjwa akitaka, sembuse msichana wa chuo aliyetumiwa shilingi kwenye simu.

Na huko ndiko kumsengenya maiti. Sote tunaisoma Suratul Hujurat na tunajua msengenyaji amefananishwa na nani: na mwenye kula nyama ya nduguye aliyekufa.

Wapo watakaoniambia, Bi, yule hakuwa Muislamu, hukumu za stara zinamhusu vipi? Jeneza la Myahudi lilipita mbele ya Mtume (SAW), akasimama. Alipoambiwa kuwa ni la Myahudi, akauliza: kwani hiyo si nafsi? Mimi sina la kuongeza hapo.

Wengi wa wanaotuma picha hawajaingia katika chumba cha muosha, basi nitawaeleza tunavyofanya. Tukishaingia mlango hufungwa, na humo huwamo wenye kazi tu na jamaa wa karibu akitaka. Maiti hafunuliwi. Shuka humfunika, mkono wa muosha unapita chini ya shuka umefungwa kitambaa, macho yanatazama pembeni. Maji ya mkunazi, kisha maji safi, ya mwisho yanatiwa kafuri. Nimewaosha waliozama, waliogongwa na gari, walioanguka mikarafuuni, maana Pemba msimu wa karafuu huleta pesa na huleta misiba. Katika hao nimeona mambo ambayo siwezi kumwambia hata mume wangu. Nikitoka nje mama mtu hunishika mkono: "Mwanangu alikuwaje, Bi?" Namwambia, "Katulia, mwanangu. Kapendeza." Tumefundishwa kwamba mwenye kumuosha maiti akamsitiri, Mwenyezi Mungu humsamehe yeye. Na kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni sawa na kuuvunja wa aliye hai. Basi ikiwa mfupa mmoja una hadhi hiyo, ni nani aliyekupa wewe ruhusa ya kumfunua msichana mzima mbele ya kundi la watu wa harusi, la watu wa upatu, la wazee wa skuli?

Sisemi uso wa maiti haufunuliwi kabisa. Meli ya Spice Islander ilipozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikitoka Unguja kuja huku kwetu, maiti waliopatikana walilazwa katika viwanja vya Maisara, Unguja, watu wawatambue jamaa zao. Hapo palikuwa na haja. Mtu alitazama ili ampate nduguye akamzike, na ambao hawakutambuliwa wakazikwa kwa pamoja mahali paitwapo Kama, hukohuko Unguja. Waliokuwa pale wanajua jinsi watu walivyopita kimya, wamejifunika midomo kwa kanga, wakimtafuta wao na kuomba dua kwa wa wengine. Picha ya Eldoret ilikuwa na haja gani? Marehemu anajulikana. Muuaji kakamatwa. Hapakuwa na wa kutafutwa.

Kesi yenyewe ilikwenda taratibu, kama kesi za mauaji zinavyokwenda. Mtu aliuawa 2019, na Mahakama Kuu ya Kenya ilimtia hatiani yule mwanamume na kumhukumu kifungo cha miaka 40 mwaka 2024. Fikirieni miaka hiyo mitano kwa mzazi. Kila kesi ya namna hii ripoti ya daktari husomwa, kila jeraha lilipo na urefu wake, na mzazi yumo mle ndani. Akirudi nyumbani anataka kusahau, mtu mmoja asiyemjua, Wete au Tandahimba, anaifufua picha na kumtumia mwenzake. Na mwanamume yule naye ana mama. Nchi zetu tunajua nyumba iliyotoa muuaji inavyoishi: dada zake hawaposwi, watoto wanaitwa kwa jina la kosa, mama haendi arusini. Yule mama hakuua. Sijasikia mtu akimpa pole hata siku moja.

Hukumu ilipotoka, katika makundi yangu yote ya simu hakuna aliyeileta. Aliyeniambia ni mpwa wangu. Picha ya mauti iliingia Pemba siku ileile ya mauaji. Habari ya haki haikupata hata mtu mmoja wa kuivusha bahari.

Mpwa wangu huyo aliniletea na picha nyengine. Mwezi Januari 2024 mwanafunzi mwengine wa chuo kikuu aliuawa Nairobi kwa ukatili ambao sitauandika, na tarehe 27 ya mwezi huo maelfu ya wanawake wakaandamana Nairobi, Mombasa na miji mingine kutaka mauaji ya wanawake yakome. Yeye alikuwamo Mombasa. Katika picha aliyonitumia wamo wasichana wa mabuibui na wasichana wa suruali, wamesimama juani na mabango. Hiyo niliituma kwa kila ninayemjua. Wachache sana waliijibu.

Kwa hiyo nawaomba wasimamizi wa makundi ya simu waifute picha ya maiti inapoingia na wamtoe aliyeituma, hata akiwa ni mtu mzima anayeheshimiwa. Wasiseme hawana mamlaka: wanaotukana siasa huwatoa mara moja. Nawakumbusha pia kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafika mpaka Zanzibar, na kueneza uongo kama ule wa binti wa Dodoma ni kosa. Vyuo navyo, vya huku na vya Bara, viwe na namba moja ya simu inayopokelewa usiku na mchana, mzazi apige aulize, "Mwanangu yupo?" ajibiwe na mtu. Mama wa mtaani kwetu angekuwa na namba hiyo asingelala mkekani. Masheha, uvumi wa kifo ukiingia shehiani piteni nyumba inayotajwa kabla watu hawajajaa. Na maimamu wetu, khutba moja tu ya Ijumaa juu ya stara ya aliyeuawa na ulimi wa aliyebaki ingefika mahali ambapo barua ya mwanamke mzee haifiki.

Kwenu waandishi nina ombi moja. Muuaji akisema aliua kwa sababu alitoa pesa, hayo ni maneno ya mtuhumiwa anayejitetea. Msiyafanye kichwa cha habari. Aliyeuawa hana nafasi ya kuandika barua kwa Mhariri akajibu.

Kwa wasichana wetu walioko vyuoni, Tunguu, Dodoma, Morogoro, popote: akikwambia mtu "utaniona", usimfichie siri. Mwambie mwenzako wa chumba, mwambie mwalimu, nenda polisi, na upige simu nyumbani. Na nyumbani, mtoto akipiga simu ya namna hiyo, swali la kwanza lisiwe "Ulimfanya nini?"

Barua hii, Ndugu Mhariri, naomba ichapishwe bila ya picha.

Wako,
Muosha maiti,
Limbani, Wete,
Pemba.