Tumbo kufura baada ya kula: tuanzie chunguni kabla ya duka la dawa

Mhariri,

Mombasa siku hizi, tumbo likimfura mtu baada ya chakula jina la ugonjwa huwa liko tayari: vidonda vya tumbo. Mtu hupita duka la dawa, akavitaja vidonda mwenyewe, akauziwa vidonge vya kupunguza asidi na pengine viuavijasumu juu yake, kisha akarudi nyumbani kula maharagwe yaleyale yaliyopikwa vilevile. Wiki inayofuata tumbo ni lilelile, na pesa zimekwenda. Nikiwa mtaalamu wa lishe, naomba nafasi nieleze kwa nini gesi nyingi ya baada ya kula huanzia chunguni na mezani, na nini cha kufanya kabla ya kununua kidonge.

Kwanza angalia saa. Tumbo linalofura ungali mezani, au kabla ya nusu saa kupita, aghalabu lina hewa uliyoimeza, gesi ya soda, au chakula kilichozidi. Bakteria wa utumbo mpana hawana hatia hapo, kwani chakula hakijawafikia. Likifura baadaye, likawa linanguruma na upepo unatoka kwa chini, basi kuna sukari ambazo utumbo mwembamba umeshindwa kuzifyonza. Sukari hizo zimewafikia bakteria, nao wanazichachusha na kutoa haidrojeni, kaboni dayoksaidi na, kwa baadhi ya watu, methani. Maziwa kwa asiyeyaweza hujionyesha kati ya nusu saa na saa mbili hivi. Jamii ya kunde huchelewa zaidi. Mbaazi za asubuhi hudai haki yake adhuhuri. Mwenye choo kigumu ana hesabu yake: chakula kikiingia tumboni, utumbo mpana huamshwa usukume, na ikiwa umejaa choo cha siku tatu, hufura papo hapo hata kwa wali mkavu. Huyu atibu choo kwanza.

Gesi ya mezani dawa yake haiuzwi. Kula polepole, tafuna mdomo ukiwa umefungwa, acha mrija na chingamu. Soda ya mililita 300 kabla ya kufunguliwa hubeba takriban lita moja ya gesi iliyoshindiliwa ndani ya maji yake. Sehemu kubwa utaibeua, lakini ukiishushia pilau inayobaki inatafuta nafasi palipokwisha jaa. Kunywa maji.

Mafuta nayo hayatoi gesi, ila hulichelewesha tumbo kumwaga chakula chini, ukabaki umeshiba kwa saa nyingi. Sahani yetu ya kawaida ina wali wa nazi, samaki wa kupaka na maharagwe ya nazi, yaani tui mara tatu. Acha tui zito liwe kwenye chungu kimoja tu. Vingine vipikwe kwa tui jepesi au bila tui kabisa. Ukimaliza usijilaze. Tembea dakika 10 hadi 15, hata kama ni kuzunguka mtaani, na ulegeze mkanda. Wakati wa Ramadhani, futuru kwa tende na maji, nenda ukaswali Magharibi, ndipo urudi kwenye uji na sahani. Muda huo mfupi hulipa tumbo lililolala mchana kutwa nafasi ya kuamka, na humpunguzia mtu ule ulaji wa pupa ambao ndio humwingizia hewa.

Sasa maharagwe, maana hapa ndipo tunapoumia zaidi. Maharagwe, mbaazi, kunde na pojo zote zina sukari ziitwazo rafinosi na stakiosi. Hakuna mwanadamu mwenye kimeng'enya cha kuzivunja, kwa hivyo kupata gesi kidogo baada ya kula maharagwe si ugonjwa. Bahati nzuri sukari hizi huyeyuka kwenye maji, na maji humwagwa. Kikombe kimoja cha maharagwe makavu kitiwe vikombe vinne vya maji, kikae saa 8 hadi 12. Kwa joto la Mombasa, maji hayo yakiachwa usiku kucha huota povu na kunuka uchachu, kwa hivyo roweka alasiri, badilisha maji kabla ya kulala, au tia sufuria kwenye friji. Asubuhi mwaga, suuza mara mbili, tia maji mapya na uyachemshe kwa moto mkali dakika 10 yakitokota kwelikweli. Mwaga tena, ndipo uanze kupika kwa maji ya tatu. Kuna watakaosema ladha inakwenda na maji. Kiasi fulani, ndiyo, pamoja na baadhi ya vitamini, lakini kwa mwenye tumbo linalomsumbua ni biashara yenye faida.

Dakika 10 hizo ni za lazima kwa maharagwe mekundu hata kwa asiyejali gesi. Yana lektini, sumu ya asili inayoharibiwa na mchemko mkali tu. Maharagwe yaliyowekwa juu ya makaa yanayokaribia kuzima, yakapata joto bila kutokota, yanaweza kumtapisha na kumharisha mlaji katika muda wa saa chache, naye akasingizia nazi iliyochacha.

Halafu kuna maharagwe yasiyoiva. Maji mengi ya visima vya pwani hii hupita kwenye mwamba wa matumbawe yakabeba chokaa, na kalisi ya chokaa hulikaza haragwe. Unapika muda wa saa tatu, ganda limelainika, kiini kigumu. Wanga wa kiini hicho haumeng'enywi vizuri, unakwenda moja kwa moja kwa bakteria kuongezea gesi. Roweka na upike kwa maji ya mvua au ya mfereji yasiyo na chumvi, kisima kibaki cha kuoshea vyombo. Magadi hulainisha kweli, ila huharibu vitamini B1 na kuongeza sodiamu, na mwenye shinikizo la damu hana haja nayo. Nyanya, ndimu na ukwaju visubiri mpaka maharagwe yamelainika, kwa sababu uchachu nao huyakaza. Kujua kama yameiva, bonyeza moja baina ya ulimi na kaakaa: likipondeka bila msaada wa meno, tia tui. Na aliyekuwa ameyaacha kabisa asirudi kwa bakuli zima. Aanze na robo kikombe ya yaliyopikwa, mara mbili kwa wiki, aongeze taratibu kwa wiki tatu au nne. Bakteria wa tumboni nao huzoea.

Maziwa yana hesabu nyingine. Watu wazima wengi duniani, karibu theluthi mbili, hupungukiwa baada ya utoto na laktasi, kimeng'enya kinachovunja laktosi, yaani sukari ya maziwa. Kikombe cha mililita 250 kina gramu 12 hivi za laktosi, na wengi wao huimudu kama imenywewa pamoja na chakula. Kikombe cha chai ya nusu maziwa nusu maji kina nusu ya hiyo, kwa hivyo kikombe kimoja si tatizo kwa wengi. Birika zima ni habari nyingine. Kuchemsha hakuondoi laktosi, wala maziwa ya unga hayana nafuu yoyote, ingawa nasikia yakisifiwa. Maziwa lala yana nafuu kwa kuwa bakteria wake wamekwisha kula sehemu ya sukari hiyo, na samli karibu haina kabisa.

Ngano, vitunguu maji na thomu vina fruktani, sukari ambayo nayo ni chakula cha bakteria. Mahamri hutatanisha kwa sababu yana ngano, tui na mafuta ya kukaangia kwa pamoja. Yakikufurisha, jaribu mkate mkavu siku nyingine: ukikufurisha nao, shuku ngano, usipokufurisha, shuku mafuta. Asubuhi ya mihogo ya kuchemsha inakupa mahali pa kulinganishia. Fruktani huyeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye mafuta. Ukikaanga thomu kwenye mafuta, ukaiopoa kabla ya kutia maji au nyanya, harufu inabaki na gesi inaondoka. Kwa kitunguu, tumia majani mabichi ya kitunguu cha majani badala ya kichwa chake.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash nchini Australia ndio waliozikusanya sukari hizi zote chini ya jina FODMAP. Utaratibu wao unaeleweka vibaya: watu huacha kila kitu wakabaki na wali mweupe kwa miezi. Makusudio ni kupunguza kwa wiki 2 hadi 6, kisha kurudisha kimoja kimoja. Kwa wengi hata hiyo haihitajiki. Andika kwenye daftari kwa wiki mbili: saa uliyokula, ulichokula, saa tumbo lilipofura, na kama ulipata choo. Chagua mshukiwa mmoja, umwache wiki mbili, halafu umrudishe kwa siku tatu, kidogo siku ya kwanza na zaidi siku zinazofuata. Ukiacha maziwa na maharagwe pamoja hutajua ni kipi kilichokukosea.

Dawa zenyewe zina nafasi ndogo. Tangawizi mbichi ya ukubwa wa ncha ya kidole gumba, iliyopondwa na kuchemshwa dakika 10 kwenye kikombe cha maji, husaidia tumbo kumwaga chakula. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amuulize daktari kwanza. Unga wa povu wa kwenye pakiti ni bikaboneti na asidi, vikikutana na maji hutengeneza gesi. Ile mbweu kubwa inayokufurahisha kwa sehemu ni gesi uliyoinywa sasa hivi, pamoja na sodiamu ya kutosha kumdhuru mwenye presha. Sanamaki inayouzwa kwa jina la kusafisha tumbo ni dawa ya kuharisha. Hukamua utumbo, na ikinywewa kila wiki hupoteza maji na potasiamu, ilhali maharagwe yanakusubiri palepale.

Vidonda vya kweli vipo, na wengi wa wenye navyo wana bakteria wa Helicobacter pylori. Barry Marshall na Robin Warren walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa ugunduzi huo, nao ndio uliofanya viuavijasumu viwe tiba ya vidonda. Viuavijasumu hivyo ni vya aliyepimwa, na kipimo kina masharti yake. Cha damu huonyesha kingamwili, yaani kinga ambazo mwili ulitengeneza dhidi ya bakteria hao, nazo hubaki hata baada ya mtu kupona, kwa hivyo hakithibitishi kuwa bakteria wapo leo. Omba cha kinyesi au cha pumzi. Omeprazoli na jamaa zake za kupunguza asidi ziachwe wiki 2 kabla, viuavijasumu wiki 4, la sivyo jibu laweza kuwa hapana la uongo. Na kwa aliyetibiwa, kipimo kirudiwe wiki 4 au zaidi baada ya dozi kwisha.

Asisubiri daftari yeyote mwenye choo cheusi kama lami au chenye damu, anayekonda bila sababu, anayetapika mara kwa mara, anayepata taabu kumeza, au mwenye macho ya manjano. Mwanamke aliyepita miaka 50 ambaye tumbo limeanza kumfura siku nyingi za mwezi, jambo ambalo hakuwa nalo, achunguzwe pia ovari. Na tumbo lililofura likauma, mtu akatapika, asipate choo wala upepo kutoka, huyo apelekwe hospitali usiku huohuo.

Ombi langu kwako, Mhariri: ukurasa wako wa afya ukiandika tena kuhusu vidonda, utaje kipimo kwa jina na masharti yake. Nayo matangazo ya dawa za kusafisha tumbo yasichapishwe bila kueleza kilichomo ndani ya chupa.

Mtaalamu wa lishe,
Tudor, Mombasa