Barua kwa mwanangu: reli ndogo katika chumba cha Lamu

Mwanangu,

Salamu aleikum. Mchoro ulionitumia wa reli ya treni za mfano nimeutazama vizuri. Hilo duara la treni halitafaa katika chumba cha bibi yako, na sababu iko juu ya kichwa chako. Dari za nyumba za mawe hapo Lamu hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki upana mkubwa, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Treni ya kipimo cha HO, yaani 1 kwa 87 (ndogo mara 87 kuliko ya kweli), inataka kona yenye nusukipenyo cha sentimita 46 hivi. Behewa la mita 25, ambalo kwa kipimo hicho huwa sentimita 29, linataka 60 au zaidi. Meza ya duara itakula chumba, na treni ikianguka upande wa ukutani mkono hautaifikia. Jenga njia ya kwenda na kurudi, stesheni huku na stesheni kule, juu ya ubao mwembamba unaofuata ukuta mrefu. Hata treni ya Mombasa na Nairobi haizunguki.

Usinunue kitu kabla hujaamua unaiga reli ipi. Reli ya SGR, iliyofunguliwa 2017, ina upana wa milimita 1,435; gawanya kwa 87, unapata 16.5, na hiyo ndiyo njia ya kawaida ya HO. Reli ya zamani, iliyoanza kujengwa Mombasa 1896 ikafika Kisumu 1901, ni ya mita moja, kwa hiyo inataka njia ya milimita 12, ambayo ni adimu zaidi. Najua unavyozipenda zile injini za mvuke za Garratt za daraja la 59, tani 252, tangi la mvuke limening'inia kati ya injini mbili. Nami nazipenda. Lakini anza na SGR.

Plaiwudi iwe ya milimita 12. Mwambie fundi akate shiti hukohuko dukani, vipande vya sentimita 122 kwa 40, kwa sababu shiti nzima itakutesa vichochoroni na kwenye ngazi. Vipande vitatu vinakupa mita 3.66. Chini ya kila kimoja funga fremu ya mbao za inchi 2 kwa 1, na kikingamo kila sentimita 40. Kisha piga rangi juu, chini na kingo zote. Ukipaka juu peke yake, upande wa chini utanyonya unyevu na kuvimba, ubao utapinda na reli nayo. Usitoboe ukuta. Simamisha miguu, kila mguu na boliti ya kurekebishia urefu, uhakikishe kwa pima maji. Acha sentimita 5 nyuma ya ubao, kwani ukuta wa matumbawe una unyevu na chokaa yake hupukutika.

Reli ziwe za nikeli silva, maana za chuma zitashika kutu kwa hewa ya bahari. Wala usitegemee vile viungio vidogo kupitisha umeme. Chumvi huingia ndani yake, treni inaanza kupunguza mwendo upande wa mbali, mwisho inasimama. Pitisha waya mbili za milimita mraba 1.5 chini ya ubao mzima, nyekundu na nyeusi, halafu kila kipande cha reli kipate waya zake nyembamba kutoka hapo. Unapolehemu, kwaruza reli kwanza kwa msasa, weka pamba yenye maji kila upande ili mataruma ya plastiki yasiyeyuke, na usitumie asidi ya mafundi bomba. Itaendelea kula waya baada ya wewe kumaliza. Umeme wa relini ni volti 12 kutoka kidhibiti kilichotengenezwa kwa treni hizi. Ule wa ukutani usiuguse.

Mbao zinapokutana, lehemu reli juu ya skrubu za shaba kila upande wa kiungo, ndipo ukate reli kwa msumeno mwembamba. Zitabaki zimelingana.

Pointi, yaani pale treni inapobadili njia, ndizo zitakazokusumbua. Pale reli mbili zinapokutana kama herufi V, injini fupi husimama kwa kukosa umeme ikiwa V ni ya plastiki. Ikiwa V ni ya chuma injini inapita vizuri, ila lazima reli mbili zinazotoka kwenye V ziungwe kwa viungio vya plastiki, la sivyo utapata shoti kila ukibadili njia.

Mchanga wa pwani wa kuigiza kokoto za reli usiumwage hivihivi. Uoshe kwa maji ya kunywa mara tatu, uanike, kisha upitishie sumaku, maana chembe nyeusi zikishikwa na sumaku ya mota zinaiua. Kwa sababu hiyohiyo usisafishe reli kwa steli ya kusugulia sufuria. Kitambaa chenye alkoholi ya isopropili kinatosha, na usisahau magurudumu. Mafuta ni tone dogo kama kichwa cha pini, yale yasiyodhuru plastiki. Ya kupikia hugeuka ulimbo.

Kabla ya kumwaga mchanga, sukuma behewa moja kwa kidole toka mwanzo hadi mwisho. Likiruka mahali, rekebisha hapo kwanza. Nitumie urefu kamili wa ukuta, na uniambie mlango unafungukia upande gani.

Babako