Kuvua perege Jumapili

Asalamu aleikum jamaa. Jumapili tukutane Chake Chake mara baada ya sala ya alfajiri, tuwahi bwawani jua halijawa kali. Njooni na mishipi myembamba, ndoana ndogo na boflo la chambo.

Tafadhalini, ukingoni msitembee kwa vishindo. Samaki ana mstari ubavuni unaohisi mtikisiko wa maji, hushtuka hata ndoana hujaitupa. Kuzungumza si neno, sauti ya hewani haiingii sana majini (wasemaji wetu mnajijua).

Dume huchimba kiota cha duara kwenye maji machache, msikikanyage. Jike huatamia mayai mdomoni, na muda huo hali karibu kitu. Ukimnasa bado ana mayai au vitoto kinywani, mrudishe hapo hapo.

Nauli kila mtu yake. Anayekuja aandike jina kabla ya Ijumaa usiku.